Usinitumie "wako poa"

Wadau, leo naongea kuhusu paka, na najua nusu yenu mshaanza kucheka. Chekeni, lakini msome. Kuna kitu kila mwenye paka ndani ya fleti hapa Diani amekutana nacho na hatukisemi kwa sauti: ukisafiri, unamwachia nani ufunguo?

Maanake hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sio kutafuta mtu anayependa paka. Wanaopenda paka wamejaa, weka tu picha ya paka amelala juu ya kiti utaona mapenzi. Mimi namtafuta mtu ambaye paka akikataa chakula saa moja asubuhi, simu yangu italia saa moja na dakika mbili. Mtu wa kunipa habari mbaya. Hao ni wachache sana.

Nina paka wawili. Dafu ni dume, mweupe, mnene kiasi. Pweza ni jike wa kijivu, mwoga, mgeni akiingia tu anapotelea nyuma ya friji. Wote wameshahasiwa, na wanakaa ndani usiku na mchana, ghorofa ya pili, upande huu wa Ukunda unaoshuka kuelekea baharini.

"Kwa nini ndani? Si uwaache wazurure kama paka wengine?" Hilo swali naulizwa na kila mtu, akiwemo nyanya yangu wa Msambweni. Kwa nyanya, paka hana mwenyewe na hana shida. Asubuhi anateremka pale wavuvi wanapopandisha samaki, anapata matumbo na vichwa, mchana analala kivulini, usiku anashughulika na panya. Nyanya akienda harusini Vanga siku nne, paka hata habari hana. Hakuna aliyewahi kumtafutia mtu wa kumwangalia, na hakuna aliyewahi kuhitaji.

Mimi hapa nina magari mbele, mbwa nyuma, na kima juu ya paa. Nyinyi watu wa bara mkija likizo mnawaona kima ni burudani, mnawapiga picha. Sisi tunaoishi nao tunajua ukiacha dirisha wazi dakika kumi, ndizi zimeenda, mkate umeenda, sukari imemwagwa, na anakuangalia kama wewe ndiye mgeni. (Mbega msiwachanganye humo. Wale weusi wenye manyoya meupe mabegani hawana haja na mkate wako, wao ni majani yao tu, na ndio ambao Colobus Conservation wanawapigania hapa Diani tangu 1997, hadi kuwatundikia zile ngazi za kamba wavuke barabara ya ufuoni bila kugongwa. Wezi ni kima.) Kwa hivyo dirisha ama linafungwa ama linawekwa wavu. Sasa fikiria joto la Februari, madirisha yamefungwa, paka wawili ndani, na wewe uko Nairobi. Bakuli la maji likipinduka saa tatu asubuhi na hakuna anayeingia hadi kesho, hiyo si habari ya kuchekesha tena.

Paka wa nyanya akisahaulika, anajitafutia. Paka wa fleti akisahaulika, amefungwa. Waislamu wenzangu mnaijua ile hadithi, iko kwa Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tumefundishwa chuoni tukiwa wadogo, na wengi wetu tumebaki na kipande cha kumnyima chakula. Lakini iangalie vizuri: alimfungia, hakumlisha, na hakumwacha aende akajilie wadudu wake ardhini. Pale kwenye kufungia ndipo mzigo ulipo. Ukishageuza funguo mlangoni, chakula cha huyo mnyama kimekuwa mikononi mwako, au mikononi mwa uliyemwachia hizo funguo.

Sasa niwape kisa. Mwaka jana nilipata kazi ya kupiga video Nairobi, siku nne. Nikaelekezwa kwa kijana mmoja, mpole, anaongea vizuri, ukurasa wake mtandaoni umejaa picha amebeba mbwa wa watu. Akataka alipwe siku zote nne mbele, nikamtumia. Siku ya kwanza picha ikaja. Siku ya pili picha. "Wako poa boss." Siku ya tatu, saa mbili na nusu usiku, picha nyingine: "Ndio nawaacha saa hii, wako poa." Nikaifungua. Dafu ameketi dirisha la jikoni, jua limempiga uso mzima.

Saa mbili na nusu usiku, wasee. Jua.

Nikampigia, haishiki. Nikampigia jirani wa chini, akaniambia kuna paka analia tangu jana, alidhani niko ndani nimelala. Ikabidi msimamizi wa ploti afungue kwa ufunguo wa akiba. Mabakuli yote mawili makavu, karai la mchanga limejaa hadi pembeni. Yule kijana nilipompata kesho yake, samahani hakusema, pesa hakurudisha. Aliniuliza tu, "Kwani si wako hai lakini?"

Tangu siku hiyo picha siombi tena. Picha inapigwa kumi kwa mpigo siku ya kwanza na kutumwa kidogo kidogo kama dozi ya dawa. Nauliza maswali. Leo Pweza alikuwa amejificha wapi? Kwenye karai umetoa mabonge mangapi? Dafu alikuja mlangoni au ulimkuta amelala? Hayo hayajibiki ukiwa kwenye kijiwe chako Ukunda.

Na kuna tatizo jingine la huku kwetu tu. Desemba, Pasaka, Agosti: kila mtu mwenye mikono Diani yuko kazini, hotelini, kwenye boti, kwenye tuktuk, na hiyo ndiyo miezi nawe unapata safari. Beshte wangu wa hotelini aliniambia kweli, "Mimi nikitoka zamu Desemba hata mimi mwenyewe sijilishi." Halafu mvua za Aprili zikianza, hoteli zingine zinafunga hadi Juni, vijana wamekaa nyumbani, unaweza kupata watu kumi wa kukuangalizia paka kwa siku moja. Na huna pa kwenda.

Niliyempata sasa anauza mahamri na mbaazi hapa getini kwetu. Mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Hakuwahi kuniambia anapenda wanyama. Kilichonivuta ni asubuhi moja nimefika na bakuli langu, nikamwamkia, akaniambia, "Mwanangu, leo mbaazi zimeshika chini. Chukua mahamri matupu." Watu walikuwa kwenye foleni nyuma yangu, na kila mmoja alimwambia hivyo hivyo. Nikakaa na hilo neno siku nzima. Mtu anayekwambia mbaazi zake zimeungua, huku hizo mbaazi ndizo riziki yake ya siku, huyo hatanitumia picha ya jua usiku.

Nilipomuuliza alinikodolea macho. "Paka mimi siwapendi sana, nakwambia kweli." Nikamwambia sawa, mama, sihitaji uwapende. Tukafanya majaribio jioni mbili nikiwa hapa hapa, nimetoka tu na kuzunguka. Jioni ya pili akanipigia kunijulisha amevunja glasi yangu, na kwamba yule wa kijivu hajamwona kabisa lakini chakula kimepungua. Nikajua nimepata mtu.

Ikaja Februari mama yangu akalazwa Mombasa. Siku tisa. Ukunda hadi Likoni ni kama kilomita 30, halafu feri, halafu matatu nyingine. Wenye gari siku hizi wanazungukia Dongo Kundu, sisi wengine tunasubiri kivuko. Kwenda na kurudi kila siku haiwezekani, nikahamia huko. Na jamaa zangu wengine, nawapenda, lakini walinisema: "Mamako yuko kitandani, wewe uko nje unaulizia paka?"

Nataka niseme hapa waziwazi, kwa sababu najua kuna wengi wenu mnaambiwa hivi. Hakuna mizani imewekwa, mama upande huu na paka upande ule. Nilikuwa naongea na mtu dakika mbili asubuhi na dakika mbili jioni, na zile saa zingine zote nilikaa pale kitandani na akili yangu yote. Ningekuwa na yule kijana wa picha, nisingekaa. Na mama mwenyewe kila akiamka alikuwa anauliza, "Na wale watoto wako wamekula?"

Siku ya tano, saa nne asubuhi, simu.

"Salaam aleikum mwanangu. Mama vipi leo?"

"Anaendelea, alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi. Sikiza, huyu mweupe leo sijampenda. Anaingia kwenye karai, anachuchumaa, analia, hatoki kitu. Na jana jioni nilikuta mabonge mawili tu, si kama siku zote."

Wenye paka dume, hili lishikeni hata kama mengine mtasahau. Njia yao ya mkojo ni nyembamba mno, ikiziba mkojo unarudi, sumu inaingia mwilini, na siku mbili tatu zinatosha kumuua. Kutoka nje utaona paka anaenda chooni mara nyingi, utadhani ni tumbo. Kwa simu, au kwa picha, utaona paka ameketi. Yuko poa.

Yule mama hakusubiri nimfafanulie. Alichukua kikapu chake cha ukili, akamtia Dafu ndani, akafunga juu kwa leso, akapanda tuktuk kwa pesa yake mwenyewe hadi kwa daktari wa mifugo. Dafu alimchora mkono wote. Daktari akamlaza kwa sindano, akampitisha mpira mwembamba, mkojo ukatoka. Mimi nimesimama ukumbini hospitali Mombasa, natuma M-Pesa kwa mkono mmoja na mwingine nimeshika chai ya mama.

Hiyo mikwaruzo nayo ina maneno yake. Tukisema mwangalizi wa kuaminika, tunafikiria tu sisi tumwamini yeye. Yeye anatuamini nini? Ameingia peke yake kwenye nyumba ya mtu, na kitu kikipotea atasemwa yeye. Anashika mnyama mwenye kucha na meno. Kwa hivyo kadi za chanjo za paka wangu, pamoja na ile ya kichaa cha mbwa, ziko kwenye mlango wa friji na alizisoma kabla hajakubali. Kenya imejiwekea 2030 kuwa mwaka wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kwa watu, na paka naye anaweza kukibeba, si mbwa pekee. Akiumwa au akikwaruzwa: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali akaonwe, na gharama ni yangu, si yake. Hiyo tulikubaliana kabla ya ufunguo.

Na ninalipa. Shilingi 400 kwa siku, mara mbili kwa siku, nauli mbali. Siku ile ya kikapu nililipa zaidi na bado naona deni. Nikitaja hiyo 400 kuna watu wanashika vichwa: "Kulisha paka tu?" Hao hao wanalipa zaidi ya hiyo kwa sahani ya chipsi na soda pale ufuoni, na chipsi haijawahi kumpeleka mtu kwa daktari. Mzungu mwenye nyumba ya kukodisha akimlipa mtu amwangalizie mbwa, tunaona ni kazi. Sisi tukilipana wenyewe kwa wenyewe, ghafla ni ujinga, inatakiwa iwe fadhila. Fadhila ni nzuri kwa siku moja. Siku tisa ni ajira.

Dafu yuko hapa saa hii, amekalia chaja ya simu. Anakula chakula alichoandikiwa, anakunywa maji mengi kwa sababu nimeweka mabakuli manne nyumba nzima. Mama yangu karudi nyumbani. Pweza baada ya miezi yote hii ametoka nyuma ya friji mara moja mbele ya yule mama, akamnusa mguu, akarudi.

Shida ni kwamba Desemba hayupo. Ameshaniambia mapema, anaenda kwao Lunga Lunga wiki tatu, na mimi nina kazi Lamu. Kwa hivyo natafuta wa pili, na nataka kuanza majaribio mwezi ujao kabla watalii hawajajaa. Ukimjua mtu Ukunda au Diani, niandikie kwenye inboksi. Kupenda paka si lazima.