Majani ya Ruzizi yamezunguka dunia, lakini mwenye ngombe wa Ruzizi anapata nini?

Kuna majani ya ngombe ambayo wataalamu wanayaita Brachiaria ruziziensis. Jina hilo limetoka kwenye bonde la Ruzizi, katika eneo la mpaka wa Congo, Rwanda na Burundi. Mbegu zake zilivuka bahari, na watafiti wa Colombia na Brazil wameyatumia kuzalisha aina mpya za malisho.

Walikuwa na sababu. Ndugu wengi wa majani haya hutoa mbegu bila baba, mtoto anafanana kabisa na mama yake. Haya ya Ruzizi yanakubali kuchanganywa. Udhaifu wake ni kwamba yanashambuliwa sana na wadudu wa povu wanaofyonza maji ya shina.

Sasa kuna njia nyingine. Mwaka wa 2020, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipewa tuzo ya Nobel kwa ajili ya CRISPR, mkasi mdogo unaokata jeni iliyochaguliwa ndani ya mmea. Jeni inaweza kuzimwa bila kuleta nyingine kutoka mmea mwingine. Kwa malisho, watafiti wanalenga lignini, kitu kinachofanya shina kuwa gumu. Ikipungua, tumbo la ngombe linapata chakula zaidi. Ikipungua kupita kiasi, majani yanalala chini.

Mama mmoja mkimbizi wa ndani, anayekata majani kando ya barabara, alielezwa habari hiyo. Hakuuliza juu ya mkasi.

«Mimi niko na ngombe mbili. Hayo majani, jirani ataweza kunigawia vishina nipande, ao nitanunua mbegu kila mwaka?»

Swali lake ni zito. Itifaki ya Nagoya ya 2010 inasema faida ya mmea igawanywe kwa haki na nchi ulikotoka. Lakini majani ya Ruzizi yalikuwa yamekwisha kuondoka miaka mingi kabla.

Na kuna jambo lingine ambalo maabara haiwezi kutengeneza. Majani yaliyopandwa yanahitaji miezi kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na yanahitaji shamba. Mama huyu shamba lake liko nyuma, kule alikokimbia. Kabla ya mbegu bora, anaomba amani ya kurudi kuzipanda.