Jumamosi za Waliotoka

Kikundi chetu hakikuwa na kibao barabarani wala cheti cha usajili ukutani. Tulikuwa kaya chache za Magoma, tukisali kila Sabato kwenye sebule ya mwalimu wetu. Wenyewe tulijiita waliosalia, tukiegemea Ufunuo 12:17. Majirani walituita Masalia, jina walilopewa nchi nzima watu waliojitenga na Kanisa la Waadventista Wasabato wakidai limeasi. Kanisa lenyewe lilikwisha kusema haliwatambui.

Magoma iko kwenye bonde la Lwengera, Usambara Magharibi upande mmoja, Usambara Mashariki upande wa pili, na mkonge katikati. Wenyeji ni Wasambaa, Wazigua na Wabondei, lakini ukiingia kambini utakuta wajukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge: Waha, Wabena, Wamakonde. Wengi wa majirani zetu walikuwa Waislamu, na adhana yao ya alfajiri ndiyo iliyotuamsha na sisi kwa sala yetu. Hawakutusumbua. Walichoshangaa ni kuona watoto wetu wakichunga mbuzi saa ambazo wenzao wako darasani.

Baba alituingiza mwaka 2005. Alikuwa Msabato wa kawaida, mtu wa makambi na lesoni, mpaka alipoanza kuazima vitabu kwa mwalimu. Mwaka uliofuata nikatolewa shule nikiwa darasa la sita, kwa kuwa mtaala wa serikali ulihesabiwa kuwa mvinyo wa Babeli. Shule yangu ikawa ile sebule. Ukutani palitundikwa chati iliyochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa cha marekani: sanamu ya Danieli yenye kichwa cha dhahabu, wanyama wanne, pembe kumi, na mstari mrefu ulioanzia mwaka 457 kabla ya Kristo ukakomea 1844. Hesabu ile tuliikariri: siku 2300 za Danieli 8:14, kila siku ikisimama badala ya mwaka. Mbele ya 1844 palichorwa jengo lenye kuba, na chini yake maneno mekundu, Sheria ya Jumapili. Tuliambiwa siku serikali za dunia zitakapolazimisha watu kuabudu Jumapili, sisi tutakimbilia milimani. Milima tulikuwa nayo mlangoni.

Nyama ilikatazwa, majani ya chai na kahawa vilevile. Hayo hayakutuumiza, maana maharage na mchicha havikupungua. Yaliyouma yalikuja juu yake. Chanjo ilikatazwa. Hospitali ilikatazwa, tukabaki na mkaa wa kusaga, maji ya moto na maombi. Kuhesabiwa kulikatazwa, na kitambulisho chochote chenye namba.

Mwaka 2008 Tanzania nzima iliwasikia Masalia. Kundi la waumini lilikwenda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, likitaka kusafiri kwenda kuhubiri nchi za nje bila pasi ya kusafiria, bila viza na bila tiketi, kwa imani kwamba Mungu atafungua njia. Hakuna ndege iliyowachukua. Magoma watu walicheka mpaka wakachoka. Kwetu mwalimu alisema wale ndugu hawakukosea njia, wamekosea saa tu. Nadhani ndipo nyufa zilipoanzia, kwa sababu baadhi ya wazee walitamani aseme wamekosea.

Hakuna aliyetangaza kutoka. Mmoja aliacha kuja Sabato moja, mwingine akaonekana gulioni Jumamosi akichagua nyanya. Mwalimu akahama na chati yake, na kufikia mwaka 2011 sebule ile ilikuwa imepangishwa kwa muuza mitumba. Mimi nilikuwa nimerudi shule kupitia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, nikikaa dawati moja na watoto niliowazidi kimo.

Waliotoka walibaki na Jumamosi tupu. Kwenda kanisa walilokuwa wakiliita Babeli waliona aibu, na kulima siku hiyo mikono ilikataa. Hivyo wakaanza kukusanyika alasiri kwenye baraza la fundi cherehani mmoja, mwanamke wa Kibondei aliyekuwa mwenzetu. Yeye alisema waziwazi kwamba haamini tena neno la mwalimu, lakini cherehani chake kilifunikwa kitenge tangu Ijumaa jua likizama. Alikuwepo baba. Alikuwepo mzee mmoja wa Kipare, mstaafu wa reli, msomaji mkubwa. Alikuwepo kijana Msambaa ambaye kila hoja aliianza na "Mghosi, ngoja kwanza". Na mama mmoja ambaye kwa muda mrefu alikuja, akakaa mkekani, akasikiliza, akaenda zake.

Mjadala wa kwanza ninaoukumbuka vizuri ulihusu sensa ya Agosti 2012. Baba alifungua 2 Samweli 24, Daudi alipohesabu watu na tauni ikaja. Mpare akamjibu kwa Luka 2: Yusufu na Maria walisafiri kwenda kuandikwa, na Mwokozi akazaliwa katika safari hiyohiyo ya kuhesabiwa. Wakahamia pasi ya kusafiria. Baba akaleta Matendo 8, Filipo alivyonyakuliwa na Roho bila kuulizwa na askari wa mpakani. Kijana Msambaa akasema, "Mghosi, ngoja kwanza," akafungua sura ya 22 na ya 25 ya kitabu hichohicho: Paulo anajitetea kwa uraia wake wa Kirumi, kisha anakata rufaa kwa Kaisari. "Huyu mtume alikuwa na karatasi zake, na alizitumia!"

Baraza lilichangamka. Nilipenda kuwasikiliza, lakini polepole nikagundua kwamba tulikuwa tumemwacha mwalimu na kubaki na ufundi wake. Aya ilipigwa kwa aya, na aliyekuwa na aya nyingi alihesabiwa mshindi. Jumamosi iliyofuata aliyeshindwa alirudi na aya mpya, mambo yakaanza upya.

Hoja kubwa kuliko zote ilikuwa 1844. Historia yake wote tuliijua. William Miller, mkulima na mhubiri wa Marekani, alifundisha kwamba Kristo angerudi karibu na mwaka huo, na wafuasi wake wakaishia kungoja tarehe 22 Oktoba 1844. Hakurudi. Baadhi yao wakasema tarehe ni sahihi, tukio ndilo lilieleweka vibaya: siku ile Kristo aliingia patakatifu pa mbinguni kuanza hukumu. Miongoni mwa watu hao ndimo alimotoka Ellen White, na kanisa likaundwa rasmi mwaka 1863. Ndipo mzee wa Kipare akatuletea jina ambalo mwalimu hakuwahi kulitaja kwa kirefu: Ludwig Richard Conradi.

Kwa Mpare jina hilo ni la nyumbani. Waadventista wa kwanza nchini, Wajerumani wawili, Ehlers na Enns, walifika Giti, Upare, mwaka 1903, na aliyesimamia misheni hiyo kutoka Ulaya ni Conradi. Vita vya 1914 vilipoanza, yeye na viongozi wenzake wa Ujerumani waliruhusu waumini kubeba silaha, hata siku ya Sabato. Waliokataa walitengwa, na kutoka kwao likazaliwa kundi la Wasabato Wanamatengenezo. Kwa hiyo kilio cha kwamba kanisa limeasi na sisi ndio tuliosalia kilikuwa na umri wa karibu karne moja kilipofika sebuleni kwetu.

Kilichomshtua baba ni mwisho wa Conradi. Baada ya miaka zaidi ya arobaini ya uongozi, mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliliacha kanisa akajiunga na Wabatisti wa Siku ya Saba. Alikuwa ameacha kuamini hesabu ya 1844 kama ilivyofundishwa, na hakukubali tena mamlaka ya kinabii ya Ellen White. Alifariki 1939. Yaani mtu aliyepanga mafundisho haya yafike kwetu alimaliza maisha yake upande wa waliotoka, akibishana nayo kama sisi barazani.

Baba alinyamaza, kisha akauliza, "Kama 1844 imeanguka, mimi nimesimama wapi?"

"Umesimama Magoma, mwenzangu," Mpare akamjibu. "Na kesho una shamba la kupalilia."

Tulicheka, lakini baba hakucheka. Kwa mtu aliyeitoa familia yake shuleni na hospitalini kwa ajili ya tarehe ile, jibu hilo lilikuwa jepesi mno. Na Mpare mwenyewe alikuwa bado na deni la swali jingine: mbona Conradi alitoka bila kuiacha Sabato? Alasiri nyingi zilikwenda hapo, na hawakukubaliana. Wengine walisema ukivuta uzi mmoja nguo yote inafumuka. Wengine wakasema lililo jema libaki, nani kalileta si hoja.

Siku mjadala ulipofika kwenye hospitali ndipo yule mama wa mkekani alipozungumza. Mpare alikuwa ameanza kwa vitabu, kama kawaida yake. Alieleza kwamba Waadventista walifungua kituo cha tiba Battle Creek mwaka 1866 kwa msukumo wa Ellen White mwenyewe, na kwamba wana hospitali hapahapa nchini, Heri, mkoani Kigoma. Akaongeza kwamba D. E. Robinson, aliyekuwa katibu wa bibi huyo, aliandika mwaka 1931 kuwa wakati wa mlipuko wa ndui bibi mwenyewe alichanjwa na akawahimiza wasaidizi wake wachanjwe. Mimi nikatia langu la hapa kwetu. Mwaka 2007, tulipokuwa tukifungiwa ndani gari za watafiti zikipita, watoto 894 wa Korogwe, wilaya yetu, na wa Kilifi, Kenya, waliingia kwenye majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S. Nusu walipewa hiyo na nusu ya kichaa cha mbwa ili kulinganisha. Matokeo ya Desemba 2008 yalionyesha homa za malaria zimepungua kwa asilimia 53 kwa waliochanjwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika.

Baba alikuwa akifungua Biblia kutujibu. Yule mama akasema, "Baba, funga kwanza hicho kitabu."

Alikuwa amezika mtoto wa miaka mitatu katika miaka yetu ile, homa ya siku chache, akisuguliwa mkaa na kufunikwa mataulo ya maji. Hakulitaja hilo. Aliuliza hivi: "Mwalimu wetu alipoumwa jino, alikwenda wapi?"

Wote tulijua. Alikwenda Korogwe, likang'olewa kwa sindano ya ganzi. Akauliza tena, "Na yule kijana wake aliyekuwa Moshi kwa mjomba, alikuwa akifanya nini huko?" Alikuwa akisoma sekondari.

"Basi," akasema, "mimi sina aya. Nauliza tu, fundisho lile lilikuwa likilipwa na nani?"

Baada ya siku hiyo mijadala yetu ilibadilika. Biblia ziliendelea kufunguliwa, lakini kila fundisho lilipoletwa mtu aliuliza swali la yule mama. Sheria ya Jumapili ilimlipisha nani? Watoto wasiofunzwa kazi yoyote kwa kuwa mwisho umekaribia. Kukataa kuhesabiwa? Mwanamke aliyejifungulia nyumbani, mtoto akakosa cheti cha kuzaliwa. Kukataa namba? Hilo baba alililipa mwenyewe. Mwaka 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, zilianza kuzimwa, na yake ikazimwa. Fundi alimtania kwamba namba ya NIDA ina tarakimu 20 na ya mnyama ina tatu tu, wapi na wapi? Baba akaenda kupigwa picha, na nyumbani hakulizungumzia.

Aprili 2023 habari za Shakahola zilifika Magoma kwa redio na simu. Katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi, Paul Mackenzie, mchungaji wa Good News International, alishtakiwa kwa kuwaongoza watu wafunge chakula mpaka wafe ili wakutane na Yesu; miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Tulisikia alichokuwa akihubiri miaka ya nyuma: shule ni za shetani, hospitali zisiendewe, Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali ya Kenya, ni alama ya mnyama. Barazani hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mpare alikumbusha Kanungu, Uganda, 17 Machi 2000, kanisa la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilivyoteketea na waumini ndani, baada ya wengi kuuza mali zao na kukabidhi fedha kwa viongozi. Lakini lililotunyamazisha ni maelezo ya waliotoka kwa Mackenzie kuhusu ratiba ya kufa: watoto kwanza, kisha wanawake, kisha wanaume, na viongozi mwisho kabisa.

Yule mama alisema, "Si niliwaambia?"

Sasa kila mmoja yuko pake. Fundi anashona siku zote saba. Mpare amerudi kanisani kwake na anafundisha lesoni. Kijana Msambaa anasali kwa Walutheri, kafuata mkewe. Baba bado anaitunza Sabato na bado anaamini kwamba kuna siku inakuja, ila wajukuu zake wamechanjwa wote na yeye ndiye huwapeleka kliniki mama yao akiwa shambani. Sijamwomba achague moja kati ya hayo mawili.

Wewe unayesoma, ukialikwa kwenye fundisho jipya, usiharakie kuuliza aya, kwa kuwa aya hazijawahi kumpungukia mhubiri. Uliza watoto wake wanasoma wapi. Uliza akiumwa anatibiwa wapi. Akikasirika kuulizwa, chukua wanao uondoke.