Nyumba Yenye Mabawa Mawili

Akina mama wenzangu, wengi wetu tunapoanza kufikiria kujenga, tunahesabu vyumba na kuchagua rangi ya bati. Umbo la nyumba tunamwachia fundi. Naye fundi huchora lile alilolizoea: mstatili mmoja, korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Kwa kupangisha ni nyumba nzuri sana. Mimi mwenyewe nimeishi katika nyumba za namna hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwanza Kahama na baadaye Geita, wala sina ugomvi nazo. Lakini tulipopata kiwanja chetu pembezoni mwa mji wa Shinyanga, mita 20 kwa 30, nilimwomba baba watoto jambo moja tu: kabla fundi hajaitwa, ramani niichore mimi, kwa penseli, katika daftari la hesabu lenye miraba.

Nilichora herufi H.

Nieleze vizuri ili kila mmoja aione. Kuna mabawa mawili, marefu na membamba, kila moja lina urefu wa mita 15 na upana wa mita 4. Yamelazwa sambamba, kutoka mashariki kwenda magharibi, na kati yake kuna nafasi ya mita 6. Katikati yanaunganishwa na sebule ya mita 6 kwa 5, nayo ndiyo daraja. Bawa la kaskazini ni la kulala: chumba chetu mwisho wa magharibi, cha wasichana mwisho wa mashariki, na katikati chumba kidogo cha mvulana pamoja na bafu. Bawa la kusini lina jiko na stoo upande wa magharibi, mahali pa kulia chakula katikati, na mwisho wa mashariki kuna chumba kimoja chenye choo chake na mlango wake wa nje. Pande mbili zinazobaki wazi, mashariki na magharibi, zinakuwa nyua mbili za mita 6 kwa 5 kila mmoja.

Kile chumba cha mashariki ndicho kiini cha habari yote hii. Ni cha mama mkwe wangu.

Mama anaishi peke yake kijijini tangu baba mkwe alipofariki. Anapikia mafiga matatu ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Kuni huku Usukumani si kitu cha kuokota njiani. Miti ilikatwa mno zamani, na ingawa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwarudisha watu kwenye ngitili na miti ikaota tena katika vijiji vingi, mwanamke mzee asiye na nguvu bado anachoma kile kilicho karibu naye: mabua ya pamba, na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake unauma. Macho ya mama ni mekundu mwaka mzima.

Msomaji wangu, kama wewe ni mwenyeji wa Shinyanga au Geita umekwisha kunielewa. Kwa wasomaji wa mikoa mingine nitasema kwa kifupi, maana si habari ya kujivunia. Kwetu, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, vikongwe wengi waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Hofu hiyo haijafa. Katika kikundi chetu cha wanawake kanisani tunawatembelea wazee majumbani, na wapo bibi ambao hawataki kutoka nje mchana kwa sababu ya macho yao tu. Mimi ni muuguzi. Najua macho hayo yanatoka wapi: ni moshi, ni vumbi, mara nyingine ni trakoma ambayo haikutibiwa. Lakini elimu yangu haiwezi kukesha mlangoni kwa mama pale mtoto wa jirani anapougua ghafla na watu wakaanza kuulizana maswali. Minong'ono kuhusu mama imetufikia mara mbili, na mara zote mbili mume wangu hakulala.

Basi tulimwomba aje mjini. Alikataa, na sababu yake ilikuwa ya heshima.

"Mwanangu," aliniambia, "nitalalaje ukuta mmoja na chumba cha mtoto niliyemzaa na mkewe?"

Siwezi kumlaumu. Wote tunajua nyumba ya korido ambayo kuta hazijafika juu na dari halijapigwa: mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anamwambia pole. Mume wangu akashauri tumjengee kijumba chake uani. Hapo ndipo nilipokataa mimi. Kijumba cha uani kingempa heshima yake, lakini kingemrudisha katika upweke ule ule, na mzee akianguka usiku tungejua asubuhi. Nilitafuta nyumba ambayo atakuwa ndani nasi na wakati huo huo atakuwa kwake. Katika H chumba chake na chetu viko kona kwa kona, mbali kuliko vyumba vingine vyote. Lakini dirisha lake linatazamana na la wajukuu zake wa kike, mita 6 tu juu ya ua. Akiita watasikia.

Umbo lenyewe sikulibuni mimi. Uingereza katika karne za kati, nyumba nyingi za wenye mali zilikuwa na ukumbi katikati, upande mmoja vyumba vya vyakula na vinywaji, upande wa pili chumba cha mwenye nyumba na familia yake. Na kwa sisi wauguzi, mama yetu wa kazi, Florence Nightingale, aliandika mwaka 1859 kuhusu majengo ya hospitali, akasisitiza wodi ndefu na nyembamba zenye madirisha pande zote mbili, zikiwa zimetenganishwa ili hewa ipite kati yake. Hospitali ya St Thomas' ya London, iliyofunguliwa mwaka 1871, ilijengwa kwa mawazo hayo. Ukitazama hospitali zetu nyingi za wilaya utaona kitu kama hicho: wodi zimepangwa sambamba na njia yenye paa inaziunganisha. Nimetembea katika njia hizo zaidi ya miaka 20, mchana na usiku. Najua wodi ipi inanuka na ipi hainuki, na mara nyingi tofauti ni dirisha la pili tu, lile la upande wa pili wa chumba.

Hata wazee wetu hawakuwa mbali na jambo hili. Kaya ya Kisukuma ilikuwa na nyumba kadhaa kuzunguka uwanja, kila mtu na mahali pake. Anayetaka kuona mfano aende kwenye makumbusho ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza.

Sasa nizungumzie upepo, maana hapa umbo linafanya kazi kubwa. Miezi mingi ya kiangazi upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki. Unaingia katika ua wa mashariki kama unavyoingia mdomoni mwa mtungi, unakutana na madirisha ya sebule, unapita ndani na kutokea ua wa magharibi. Jiko liko huko mwisho wa magharibi, kwa hiyo moshi unatoka nje bila kupita vyumbani. Jiko lenyewe litakuwa na bomba la moshi lililopanda juu ya paa. Nilisisitiza pia jiko la kuni lenye mdomo uliofungwa, kwa sababu mama hatapikia gesi, na mimi sitamlazimisha mtu wa umri wake. Kuhusu jua, ncha fupi za mabawa ndizo zinazolikabili asubuhi na jioni, na kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Saa za alasiri, Shinyanga inapochoma, ua wa mashariki una kivuli cha sebule. Ndipo mama atakapokaa na mkeka wake na kuchambua mchele.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, hivyo hakubishana nami kwa maneno. Alichukua penseli. Nyumba hii ina mita za mraba 150, akasema, na nyumba ya mstatili ya mita 15 kwa 10 ina mita za mraba 150 hizo hizo. Lakini ukiuzunguka mstatili kwa nje unapata ukuta wa mita 50, na ukiizunguka H unapata mita 78. Mita 28 za ziada za msingi, matofali na lipu, mama watoto, nani atalipa?

Nilimjibu kwa penseli yake mwenyewe. Mstatili una korido ya mita 15, na korido ina kuta mbili, hizo ni mita 30 za ukuta wa ndani. Mimi sina korido. Nina kuta chache pale daraja linapogusa mabawa, jumla kama mita 15. Kwa hiyo zile 28 za ziada zinabaki 13. Tena ile korido yenye upana wa mita moja na nusu inakula mita za mraba 22 na nusu za giza, ambazo hakuna anayelala humo wala kula humo, ila watoto hugombania humo. Alicheka, akaandika 13 na kuizungushia duara.

Fundi alikuwa na hoja nzito zaidi. Paa la H lina mahali panne ambapo bati za pande mbili hukutana na kufanya bonde, na bonde ndipo nyumba huvuja. Alisema kweli. Tulikubaliana kwamba mabonde yote manne yatawekwa bati bapa, pana, na majani yafagiliwe kabla ya mvua za vuli. Gharama ya kenchi pia inapanda. Hilo halina penseli ya kulipunguza. Na madirisha yakiwa mengi, nyavu za mbu ni nyingi. Kanda hii ya Ziwa ina malaria ya kutosha, kwa hiyo dirisha lisilo na wavu, uzuri wake wote ni bure. Faida moja ya paa kubwa ni maji. Ni kweli maji ya bomba kutoka Ziwa Viktoria yamekuwa yakifika Shinyanga na Kahama tangu mwaka 2009, lakini mvua haina bili: mvua ya milimita 10 tu juu ya paa la mita za mraba 150 ni lita 1,500, ukiondoa kidogo inayomwagika.

Kuna mgeni mmoja ambaye sikumsahau nilipokuwa nachora. Familia nyingi za huku zina ndugu aliyeko machimboni, na sisi tunaye shemeji. Anakuja kutoka kwenye maduara ya Geita akiwa na vumbi la karasha hata kwenye kope, na kikohozi. Vumbi la mawe huharibu mapafu na kumfungulia mlango kifua kikuu. Ndugu hafukuzwi, lakini halazwi chumba kimoja na watoto pia. Atalala sebuleni, penye madirisha pande mbili, na mlango wa bawa la kulala utafungwa, na kesho yake nitampeleka mwenyewe kupima makohozi. Jambo moja tu hataruhusiwa, na nimemwambia mbele ya kaka yake: kuchomea dhahabu yenye zebaki nyumbani kwangu, si jikoni, si uani. Mvuke wa zebaki hauonekani, hubaki katika kuta, na humdhuru mtoto hata akiwa bado tumboni. Rwamagasa, wilayani Geita, ulifanyika uchunguzi wa mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu jambo hilo katika miaka ya 2000. Wapo akina mama wanaopikia uji kwenye jiko lile lile alilochomea baba usiku. Hakuna ramani ya nyumba inayoweza kutibu hilo, iwe H au vyovyote.

Sasa tumefika kwenye lenta. Mwezi uliopita mume wangu alimleta mama aone. Alizunguka kuta zote kwa fimbo yake bila kusema neno, akaingia chumbani kwake, akatoka, akasimama kwenye daraja akitazama huku na huku.

"Kumbe ni nyumba mbili zenye njia katikati," alisema.

Kisha akarudi chumbani kwake na kugonga ukuta kwa fimbo. Mlango wake wa nje tulikuwa tumeuweka upande wa kusini, kwenye njia ya kwendea kisimani kwa jirani. Hapana, alisema, mlango uwe hapa, uingie uani, awaone watoto wakitoka kwenda shule, na wapita njia wasimwone yeye. Fundi alinung'unika, maana ukuta ulikuwa umekwisha kukauka. Siku iliyofuata alibomoa matofali pale pale mama alipogonga, na ule mlango wa kusini akaufanya dirisha dogo la juu.

Mama amesema atahamia mara tu paa litakapokamilika, na kwamba mbuzi wake wawili atawaachia jirani. Bati bado hazijatosha. Tunanunua kumi kumi kila mwisho wa mwezi, nazo tunazilaza chini ya kitanda.