Skarola Kwenye Baridi ya Woodley

Jumamosi, 17 Mei 2025

Masika yanaelekea ukingoni na udongo wa nyuma ya nyumba bado umeshika unyevu. Leo nimesia skarola. Ni mboga ya ukoo wa chikori, jani pana lenye ukingo uliojikunja kidogo, chungu kiasi. Pakiti niliipata duka la mbegu mjini, maandishi yote ya Kiitaliano, ikabidi nimpigie shemeji yangu Malindi anifasirie. Yeye amepika miaka mingi jikoni mwa Waitaliano, nao pwani ile wameizoea tangu enzi za San Marco kule Ngomeni, walikorushia setilaiti mwaka 1967.

"Huku haikubali, shem," akasema. "Joto letu linaimaliza. Lakini ninyi wa Nairobi mnaishi ndani ya friji."

Amesema kweli. Mbegu hizi hupenda udongo wa nyuzi 15 hadi 20. Ukishapita 25, nyingi hulala tu zisiote. Woodley tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Julai mchana huishia nyuzi 21 au 22, na usiku hushuka hadi kama 12. Wakulima wa mashamba madogo hapa mtaani huona miezi ya baridi ni ya kukaa tu na kungoja Septemba. Nataka kuona kama ni lazima.

Nimetumia kreti kuukuu la maziwa, nikalitandika gunia ndani, nikajaza udongo mwekundu uliochekechwa pamoja na samadi ya farasi iliyooza hadi ikapoteza harufu. Samadi ya farasi si shida kwetu. Ngong Road ina uwanja wa mbio zao. Mbegu zenyewe ni vijiti vidogo vya kijivu, ukipiga chafya zimekwenda. Nimezifunika kwa udongo wa nusu sentimita tu na kunyunyizia maji kwa chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko.

Jumatano, 28 Mei

Zimeota karibu zote, tena kwa fujo, zimesongamana kama watu wa matatu ya jioni. Nimezipunguza kwa mkasi badala ya kung'oa, maana ukivuta mche mmoja unatikisa mizizi ya jirani yake.

Maji ya mfereji hakuna. Nimetumia ya kusuuzia mchele.

Jumamosi, 14 Juni

Miche ina majani manne au matano, nimeihamishia shambani. Nafasi sentimita 30 kila upande. Inaonekana kama uharibifu wa ardhi sasa hivi, lakini skarola hulala chini ikatandaza majani, na ikibanwa hewa haipiti, kiini kinaoza. Shina nimeliacha sawa na uso wa udongo. Ukilizika, umeualika uozo.

Nyumba za zamani za mtaa huu zilijengwa na viwanja vyake, na ndiyo maana bado tunalima. Ng'ambo ya ua, ghorofa linapanda. Jua la asubuhi, lililokuwa likifika saa mbili, siku hizi linafika saa nne. Kwa nyanya ningelia. Kwa mboga hii ya majani, kivuli cha nusu siku si hasara.

Jirani amesimama kwenye ua akatazama. "Hiyo ni saladi?"

"Ni ya kupika pia."

"Saladi ya kupika," akarudia, akaingia kwake akicheka.

Alhamisi, 3 Julai

Kuzumburu wameivumbua. Wale ndege wa kijivu wenye mikia mirefu huja kikundi kizima, wanabeba majani machanga hadi kwenye ua na kuyalia hapo hapo. Nimetandaza neti ya mbu ya zamani juu ya fito. Ndege wameshindwa, koa wamebaki. Usiku nimetoka na tochi: koa mmoja, mweusi, mnene, alikuwa amejipinda chini ya jani la nje kabisa, na mahali alipokula pametoka utomvu mweupe uliokwisha kuganda kuwa wa kahawia. Utomvu huo ndio wenye uchungu wa mboga. Haukumzuia.

Majivu hayafai msimu huu. Umande unayalowesha na yakilowa koa anapita tu. Dawa ni tochi, mkebe na maji ya chumvi.

Jumamosi, 19 Julai

Mawingu wiki nzima. Managu, mboga yetu ya kienyeji niliyoipanda mstari wa pembeni, imedumaa, majani ya chini yamekuwa manjano; yenyewe inataka joto. Skarola inanenepa. Jani limekuwa zito, ukilivunja linalia.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefunga vichwa. Unakusanya majani ya nje, unayainua kama unayefunga kilemba, unakaza kwa kamba ya katani, si kwa nguvu. Ndani giza linaingia, kiini kinageuka manjano hafifu na uchungu unapungua. Siku saba hadi kumi zinatosha. Sharti majani yawe makavu kabisa, kwa hiyo nimengoja hadi saa tisa alasiri umande uishe. Nimefunga vichache tu, vya kula karibuni, kwa sababu kichwa kilichofungwa hakikai shambani muda mrefu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimevuna. Kichwa kimoja nimekipeleka soko la Toi kwa mama mboga wangu. Akalivunja jani, akatafuna la nje, si la kiini, akafikiri.

"Kastoma, hii ni chungu lakini si ya managu. Ya managu inakaa, hii inapita." Kisha: "Unauza ngapi?"

Siuzi.

Jikoni nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani: kuchemsha, kumwaga maji, kutia maziwa na kuacha ilale hadi kesho, kama tunavyofanyia managu na saga, mboga nyingine ya kienyeji. Haikufaa. Jani lina maji mengi, limelegea na maziwa yamekuwa mepesi. Ya pili ni ya shemeji: vitunguu saumu kwenye mafuta, skarola iliyokatwa, maharagwe yaliyoiva pamoja na supu yake, dakika kumi tu. Watu wa Napoli hula hivyo tangu zamani. Watoto wamekula na chapati hadi sufuria ikapanguswa. Mtu aliyekulia maharagwe hahitaji kufundishwa chakula hiki.

Jumapili, 31 Agosti

Nilitaka kuacha vichwa viwili vitoe mbegu. Havina dalili. Mmea huu husukumwa kutoa maua na siku ndefu za kiangazi cha Ulaya, zenye mwanga wa saa 14 na zaidi, ilhali hapa kando ya ikweta siku ni saa 12 mwaka mzima. Kwa mlaji ni neema, mboga inakaa shambani bila kukimbilia ua. Kwa mtunza mbegu ni gereza: kila msimu utarudi dukani. Managu, hata hii iliyodumaa, ukiachia matunda yake yaive na kuyapondaponda, una mbegu za mtaa mzima.

Kwa hiyo mwakani nitasia mapema zaidi, wiki ya kwanza ya Mei, mstari mmoja tu wa skarola kwa ajili ya Julai na Agosti, wakati managu inapogoma. Mistari mingine ni ya managu na saga.