Historia au Mila?

Katika mazungumzo ya wazee wa kwetu Mhezi sijapata kumsikia mtu akitenganisha mambo yaliyotokea na mambo yafanywayo. Ukimwuliza mzee ndiva fulani ilichimbwa lini, atakuambia ni nani aliyeichimba, alikuwa mjukuu wa nani, alitambika kwa mnyama gani kabla ya kuachia maji, na kwa nini mpaka leo watu wa ukoo fulani ndio huanza kuizibua. Kwake hilo ni jibu moja. Mwanahistoria aliyeketi mbele yake atachukua majina na kuhesabu vizazi; mwanaanthropolojia atachukua mnyama na tambiko; na mhandisi wa maji, akiwapo, ataondoka na lita. (Kwa msomaji asiye wa milimani, ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji usiku ili yamwagilie mashamba mchana.)

Nalizungumzia jambo hili kwa sababu nimeishi nalo miaka mingi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mhezi, Upare wa Kusini, katika Wilaya ya Same. Tangu nilipokuwa kijana nilikuwa nikiandika katika madaftari ya shule masimulizi ya koo za kwetu: nani alitoka wapi, akapita wapi, akakuta nani, na mpungi wa kila ukoo uko msitu gani. Madaftari yalipokuwa mengi nikayapanga, nikatafuta mtu wa kuyapiga taipu, nikapeleka mswada kwa mchapishaji mmoja. Jibu lilikuja kwa adabu. Kazi ina manufaa, ila mhariri ameshindwa kujua kama ni historia au ni mila. Kama ni historia, matambiko yapunguzwe na tarehe ziongezwe. Kama ni mila, ile mifululizo ya majina ya mababu iondolewe kwani inamchosha msomaji. Nikapeleka sura moja kwa jarida la kisomi. Huko nako nikaambiwa kwamba haijulikani nazungumza na wasomi wa fani ipi.

Siwalaumu sana. Mhariri lazima ajue kitabu atampelekea msomi gani akisome na kukitolea maoni, nani atakinunua, na mwalimu gani atakiweka katika orodha yake. Lakini nilijiuliza swali moja ambalo halijaniacha. Ukiondoa tambiko, ndiva inabaki shimo. Ukiondoa majina, tambiko linakuwa la mtu yeyote, mahali popote, siku yoyote. Sasa ningeondoa lipi?

Tena jambo la kushangaza ni kwamba vitabu vya Kiswahili vya zamani havikuujua ukuta huo. Mathias Mnyampala alipoandika juu ya Wagogo, kitabu kilichotolewa mwaka 1954 na East African Literature Bureau, alikiita *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*. Vyote vitatu viko katika jina moja, na sijasikia kwamba kuna aliyelalamika. Jirani zetu Wasambaa walipata mapema zaidi: Abdallah bin Hemedi aliandika *Habari za Wakilindi* kwa Kiswahili, nazo zikapigwa chapa kwa mafungu na wamisionari wa UMCA kuanzia miaka ya 1890. Humo mna vita, urithi, uganga, matusi na maziko ya wafalme, vyote vikiwa vimefungwa katika mzigo mmoja.

Sisi Wapare hatukubahatika hivyo. Vitabu vya kwanza kutuhusu viliandikwa kwa Kijerumani, na wamisionari. Dannholz, Mlutheri wa Leipzig aliyekaa Mbaga, alitoa chake mwaka 1916. Kotz, Msabato, akatoa chake Hamburg mwaka 1922. Wa kwanza alikiita *Im Banne des Geisterglaubens*, yaani katika kifungo cha imani ya mizimu. Wa pili akakiita *Im Banne der Furcht*, katika kifungo cha hofu. Makanisa hayo mawili yaligombania vilima vyetu, lakini katika jina la kitabu waliafikiana neno la kwanza! Sisemi vitabu hivyo havina maana, maana mengi yaliyomo yasingeandikwa yangepotea. Lakini kwa majina hayo Mpare ni mtu mwenye mila asiye na wakati. Anaogopa leo kama alivyoogopa babu yake, na hakuna aliyewahi kubadilisha chochote.

Aliyetupa wakati ni Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe. Alikusanya masimulizi ya wazee, na mwaka 1969 East African Publishing House ya Nairobi ikatoa *A Political History of the Pare of Tanzania, c. 1500–1900*. Nilipokishika kitabu hicho mara ya kwanza nilikaa nikitazama ile tarakimu ya 1500 kwa muda mrefu. Katika miaka ile ya 1960 Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa na kazi ya kuonyesha kwamba Mwafrika ana historia, nayo anthropolojia ilikuwa inanuka ukoloni. Ndiyo maana kitabu kilijiita historia ya siasa. Lakini ukikisoma unaona kwamba siasa hiyo haielezeki bila mila. Katika Ugweno, baada ya Washana wahunzi kuondolewa madarakani, Mranga wa ukoo wa Wasuya aliupanga utawala upya, na jando la mshitu likawa nguzo yake. Huku kwetu Kusini, aliyekuwa na mvua ndiye aliyekuwa na watu. Mwanahistoria aliingia kwa mlango wa utawala akajikuta yuko msituni kwenye tambiko.

Kisa cha mbiru kinaonyesha jambo hilohilo kwa uchungu zaidi. Mbiru lilikuwa jina la kodi ya kale aliyopewa mtawala. Katika miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza ilipoleta kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, ililivika jina hilo la kimila. Watu hawakudanganyika. Mwaka 1945 walishuka kwa maelfu mpaka Same, wakakaa pale wakidai iondolewe, na mgogoro haukuisha mpaka mwaka 1947. Profesa Kimambo alikiandikia kisa hicho kijitabu kizima mwaka 1971. Mimi huwaambia vijana wakisome kama funzo juu ya kuandika mila: neno la kimila likishaingia katika jalada la ofisi, laweza kurudi kwako likiwa na karani na risiti.

Kwa wasomi wa nje ukuta umekuwa ukibomoka kidogo kidogo. Evans-Pritchard aliusema vibaya mwaka 1961. Mwaka 1984 likaanzishwa jarida liitwalo *History and Anthropology*. Steven Feierman, aliyesomea historia Northwestern na anthropolojia Oxford, aliandika juu ya Usambara kitabu kilichotolewa mwaka 1990 na chuo cha Wisconsin, akayataja mambo yote mawili katika jina lake: *Peasant Intellectuals: Anthropology and History in Tanzania*. Humo anafuata maneno mawili ya Wasambaa, kuiponya nchi na kuiharibu nchi, jinsi yalivyosemwa na wakulima wa enzi mbalimbali. Baadaye Thomas Håkansson, mwanaanthropolojia, akaandika mwaka 1998 juu ya watawala na waleta mvua wa Upare wa Kusini kabla ya ukoloni. Na Michael Sheridan, naye mwanaanthropolojia, akachapisha makala juu ya mazingira ya Upare wa Kaskazini katika *Journal of African History* mwaka 2004. Kumbe wenzetu wanaruka ukuta wapendavyo, mradi wanaruka kwa Kiingereza na wana chuo nyuma yao.

Lakini sikuujua uzito wa jambo hili kwa kusoma. Niliujua siku mzee mmoja, ambaye sitamtaja, aliponiita pembeni baada ya kusikia kwamba mswada wangu uko tayari.

“Mwalimu,” akasema, “nasikia umeandika kwamba sisi tulikuja tukawakuta wale.”

“Ndiyo, baba. Ndivyo ulivyonisimulia mwenyewe.”

“Nilikusimulia kwa mdomo. Neno la mdomo nikilisema leo, kesho yule atanijibu, na mimi nitamjibu tena. Hilo la kitabu litajibiwa na nani?”

Wakati huo koo hizo mbili zilikuwa na shauri la shamba moja la bondeni, lililokuwa limefika baraza la kata. Nilimwelewa mara moja. Mtu angeweza kusimama barazani na kitabu changu mkononi akasema: tazameni, mwalimu ameandika, hawa ni wageni.

Mwanahistoria hapo atasema, basi tupime masimulizi tujue nani kweli alitangulia. Ni haki yake. Lakini kwetu mjukuu hupewa jina la babu, na jina moja laweza kurudi mara tatu katika mfululizo. Wazee wawili wakweli watakupa hesabu mbili. Mwanaanthropolojia naye atasema, nani alitangulia si habari ya kale, ni dai la leo juu ya shamba la leo. Naye ana haki. Tatizo ni kwamba ukimchapa wa kwanza peke yake umetoa hukumu, na ukimchapa wa pili peke yake umemwambia mzee kwamba babu yake ni hoja tu ya mahakamani. Mimi sikutaka kufanya lolote kati ya hayo. Wale ni jirani zangu, na maji ya mfereji wangu yanapita kwao.

Basi niliacha kutafuta mchapishaji. Nilirudi kwa wazee nikawasomea kila sura kwa sauti, kila ukoo sura yake na ya mwenzake. Kazi hiyo ilichukua misimu miwili ya kiangazi. Sura ya mshitu waliniomba niitoe, nami nikaitoa. Pale koo zilipopingana niliandika masimulizi yote mawili ukurasa mmoja, nikaeleza nani alisema, mwaka gani, na wakati huo kulikuwa na shauri gani kijijini. Matambiko yalibaki, na majina ya mababu yalibaki yote. Kisha nikashuka Moshi kwa mpigaji chapa na sehemu ya kiinua mgongo changu.

Nilimwagiza aache pambizo pana kila upande. Alinishangaa. Akasema karatasi ni ghali, na kwamba kwa upana ule ninapoteza kurasa arobaini nzima. Nikamwambia aache hivyohivyo.

Mwaka jana nilipita kwa yule mzee kumjulia hali. Macho yake hayasomi tena herufi ndogo, humsomea mjukuu. Nakala yake ilikuwa juu ya kabati, imechakaa pembeni. Penye masimulizi ya wale wa pili, kwenye pambizo, kulikuwa na mwandiko wa mtoto wa shule, kwa penseli: *Si kweli, babu anakataa.* Chini yake, kwa wino na mwandiko wa mtu mwingine kabisa, mtu alikuwa ameandika: *Tulisikia hivyo kwa mama yake mwenyewe.* Nikamwuliza hiyo ya chini aliiandika nani. Akacheka, akasema jirani alikuja kuazima jembe.