KABLA HUJANILETEA MTOTO NIMSOMEE, NIAMBIE JANA ALIKULA NINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumze habari za watoto wetu, matumbo yao na nyoyo zao. Ni maneno ya nyumbani. Soma taratibu mpaka mwisho, kisha mpelekee na mwenzako.

Hapa Chimwaga nasomesha watoto madrasa baada ya Swala ya Alasiri. Wazazi huja na haja nyingi, lakini miaka hii iliyozidi ni moja: "Shehe, naomba umsomee mwanangu. Hatulii. Shuleni mwalimu analalamika, nyumbani anapiga wenzake, usiku halali. Naona kuna kitu kimemwingia."

Mimi sipingi kisomo. Qur'ani ni shifaa, na majini wapo, ni katika imani yetu. Ila nina utaratibu wangu. Kabla sijasoma namuuliza mzazi maswali matatu. Jana mtoto alikula nini tangu asubuhi mpaka usiku? Alilala saa ngapi? Jioni nani alikaa naye?

Alikuja mama mmoja na kijana wake wa miaka saba. Tukahesabu pamoja. Asubuhi chai ya rangi na andazi moja. Shuleni barafu ya rangi na ubuyu wa sukari. Mchana nyumbani hakuna mtu, akala mkate kwa soda. Usiku chipsi za kibandani, simu mkononi. Akalala saa tano, akaamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi shule. Siku nzima hakuna jani la mboga, hakuna maharage, hakuna maziwa. Usingizi saa sita tu. Na kuna mganga alikwisha waambia walete shilingi laki moja na jogoo mweusi.

Nikamwambia: "Mama, nitamsomea. Lakini kesho mpeleke zahanati wampime damu na choo." Akakutwa na upungufu wa damu na minyoo. Akapewa dawa, nasi tukapanga habari ya chakula na kulala. Baada ya miezi miwili yule kijana alikuwa anakaa kwenye jamvi mpaka mwisho wa somo. Bado ni mtundu, alhamdulillah, mtoto ni mtoto. Jogoo mweusi hakuchinjwa.

Ndugu yangu, mtoto aliyepungukiwa damu huchoka, hukasirika upesi, na somo halimwingii. Mtoto aliyekosa usingizi hasinzii kama mimi na wewe. Mara nyingi yeye huzidi kurukaruka na kulia ovyo. Ukiona hayo ukakimbilia kusema jini, utampa mganga fedha ambayo ingenunua maharage ya mwezi mzima. Wapo pia watoto ambao kutotulia kwao si chakula wala usingizi, ni jambo la daktari. Hao nao wapelekwe bila aibu.

Sasa tuseme chakula.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, nimekua kwa ugali wa uwele na mtama. Tangu serikali ilipohamia Dodoma, Chimwaga yetu imepokea watu kutoka kila pembe ya nchi. Karibuni sana. Lakini naona wageni wengi, na hata sisi wenyeji, tunauonea haya mlenda. Tunasema ni chakula cha kijijini. Hii ni ardhi kame, mvua ni ya msimu mmoja kwa mwaka, ndiyo maana wazee wa Kigogo walichuma majani wakati wa masika, wakayakausha, wakayala kiangazi. Ile ni elimu. Leo mlenda kavu unauzwa sokoni, nasi tunaupita kwenda kununua biskuti.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Si wote wa nyumba zisizo na kitu. Wengine shida ni kwamba tumbo limejaa kitu cha aina moja kila siku.

Wataalamu wa lishe wanatutaka tuchanganye: nafaka, kitu cha jamii ya kunde, mboga, tunda, kitu kitokacho kwa mnyama kila tunapojaliwa, na mafuta kidogo. Hapa kwetu hilo si gumu. Asubuhi uji wa uwele au ulezi, utie karanga zilizosagwa na maziwa. Mchana ugali wa mtama na mlenda wa karanga, au kunde, au njugu mawe, au choroko. Dagaa kidogo au yai. Tunda la msimu: papai, embe, zabibu za hapahapa Dodoma. Ubuyu ule mweupe usiotiwa rangi wala sukari, uloweke, ukoroge, ni kinywaji kizuri kuliko soda. Soda ya mililita 350 huweza kuwa na sukari kiasi cha vijiko vya chai vinane au zaidi. Mtoto akishainywa, ugali hautaki tena.

Tahadhari tatu. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yanayotengeneza damu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Na mtoto mdogo asipewe karanga nzima, zinaweza kumkaba, zisage.

Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akifikwa na msiba katika jamaa zake huamuru ipikwe talbina, uji wa shayiri. Akisimulia kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kwamba unaupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Wamepokea Bukhari na Muslim. Sisemi uji wetu wa uwele ndiyo talbina. Nasema dini yetu inajua kuwa bakuli la uji linaweza kufika moyoni, hasa anayelileta akiwa ni mama au baba.

Hapo ndipo tunafika kwenye utulivu. Nakupa mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji fedha.

La kwanza, sinia moja. Masahaba walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba wanakula wala hawashibi. Akawauliza kama wanakula mbalimbali, wakasema ndiyo. Akawaelekeza wakusanyike na walitaje jina la Allah. Yumo katika Abu Dawud. Angalia pia Umar bin Abi Salama, kijana aliyelelewa na Mtume, mkono wake ulikuwa unazunguka sinia nzima. Hakupigwa kofi. Alifundishwa kwa upole ataje jina la Mola, ale kwa mkono wa kulia, ale cha mbele yake. Angekuwa anakula peke yake na simu, nani angeuona mkono wake?

La pili, simu zilale kabatini tangu Magharibi mpaka baada ya Isha. Zako kwanza, baba, ndipo za watoto. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku.

La tatu, kazi ya mikono ya pamoja. Wakalishe wamenye karanga, wachambue mboga, wapepete uwele. Mikono ikishughulika ulimi hufunguka. Mtoto atakwambia lililompata shuleni wakati anamenya karanga, ambalo ungemuuliza uso kwa uso asingesema.

La nne, mchezo na matembezi. Mtume wetu (s.a.w.), pamoja na mzigo wote wa umma, alimuuliza mtoto Abu Umayr habari za kindege chake kilichokufa. Alirefusha sijida kwa sababu mjukuu amempanda mgongoni. Wewe Jumapili baada ya Alfajiri, kabla jua la Dodoma halijakaza, watoe watembee, wapande vilima vyetu vya mawe, wahesabu ndege. Warudi na njaa, ndipo uji utaliwa bila fimbo.

La tano, usingizi. Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji saa 10 mpaka 13 za usingizi kwa siku. Anayeamka saa kumi na moja kuwahi gari la shule hawezi kulala saa tano.

Baba, haya si ya mama peke yake. Wapo wanaume wanamaliza kilo ya nyama choma na marafiki, nyumbani watoto wanakula ugali kwa chumvi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba dinari yenye ujira mkubwa zaidi ni ile unayoitumia kwa watu wa nyumba yako. Hiyo nyama ifungwe, iende ikaliwe kwenye sinia.

Na kwa aliye na kitu, jirani yako huenda hana hata huo mlenda. Abu Dharr (r.a.) aliusiwa akipika mchuzi azidishe maji, awakumbuke majirani. Usisubiri Ramadhani.

Nimalizie na kisomo, maana ndicho mnachonifuatia. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) kila usiku alipojilaza alikutanisha viganja vyake, akasoma Qul Huwallahu Ahad, Falaq na Nas, akapuliza, akajipangusa mwili. Na alikuwa akiwaombea kinga wajukuu zake, Hasan na Husein. Sura hizo tatu unazijua tangu utoto. Basi usiku wa leo mtoto akishakula na kunawa, kaa ukingoni mwa kitanda chake, zisome, mpanguse kichwa na kifua kwa mkono wako mwenyewe. Fanya hivyo kila usiku. Mlango wangu uko wazi, atakayehitaji aje, ila mkono wa mzazi ndio mtoto anaoujua.

Ewe Mola, wape watoto wetu afya ya miili na utulivu wa nyoyo, na utujaalie riziki ya halali yenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.