Mita Moja ya Ukuta

Lenzi ninayotaka kuieleza katika insha hii inaitwa Jupiter-12. Ni lenzi ya milimita 35, na ni ndogo kiasi kwamba inaenea kiganjani mwangu. Ilitengenezwa katika Umoja wa Kisovieti kwa kufuata lenzi ya Kijerumani iitwayo Biogon, ambayo Ludwig Bertele aliibuni kwa ajili ya kampuni ya Zeiss katika miaka ya 1930. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mitambo ya kutengenezea kamera za Contax ilichukuliwa kutoka Ujerumani ikapelekwa Umoja wa Kisovieti, na kiwanda cha Arsenal mjini Kyiv kikaanza kutoa kamera yenye jina la mji huo, yaani Kiev. Babu yangu alisomea ufundi wa umeme mjini Kyiv katika miaka ya 1960. Aliporudi Jinja, hapa Uganda, sandukuni mwake mlikuwa na kamera ya Kiev-4A, lenzi ya kawaida ya milimita 50, na hiyo Jupiter-12.

Wenzangu chuoni wakiniona na kamera hii huuliza kwa nini najisumbua. Swali lao ni la haki, kwa sababu lenzi hii ina vituko. Lenzi nyingi zina kioo kikubwa mbele na kidogo nyuma. Hii ni kinyume. Kioo cha mbele ni kidogo na kimezama ndani kama maji ya kisima, ilhali cha nyuma ni kikubwa, cha mviringo, na kimetokeza nje kama jicho la samaki. Ukiivua kwenye kamera huwezi kuiweka mezani hivihivi, maana italalia kioo chake chenyewe. Pete ya kubadilisha ukubwa wa tundu la mwanga nayo imefichwa ndani ya mdomo wa lenzi. Ili kuizungusha lazima uingize ncha ya kidole, na usipoangalia utaacha alama ya kidole kwenye kioo.

Kioo hicho cha nyuma ndicho kinachoeleza kwa nini lenzi hii ilifaa kamera za aina hii. Katika kamera nyingi zilizokuja baadaye, nyuma ya lenzi kuna kioo cha kuakisi kinachoruka kila unapopiga picha, kwa hiyo lenzi haiwezi kuingia ndani sana. Kiev haina kioo hicho. Mpiga picha hatazami kupitia lenzi, bali kupitia kidirisha kilicho pembeni, na umbali hupimwa kwa mtambo wake wenyewe. Katikati ya kidirisha utaona picha mbili za kitu kimoja, kama mtu mwenye homa anavyoona vitu viwili viwili. Unazungusha gurudumu dogo lenye meno mpaka picha hizo mbili zishikane ziwe moja, na hapo umbali umepatikana. Kwa kuwa njia ni nyeupe, lenzi inaweza kuzama ndani hadi karibu kabisa na filamu. Ndiyo maana inaweza kuona upana mkubwa na bado ikabaki ndogo.

Hata hivyo, kidirisha cha Kiev kimetengenezwa kwa ajili ya lenzi ya milimita 50. Ukifunga ile ya 35, kidirisha hakikuonyeshi vilivyo pembeni ambavyo lenzi inaviona. Inabidi upachike juu ya kamera kidirisha cha ziada. Cha babu ni kile cha kuzungusha chenye macho matano, kila jicho kwa lenzi yake. Kwa hiyo kazi inakuwa na hatua mbili: kwanza unapima umbali kwenye kidirisha cha chini, kisha unapandisha jicho kwenye kidirisha cha juu na kuangalia nani ameingia na nani amebaki nje.

Hilo la nani ameingia na nani amebaki nje ndilo lililonifanya niipende lenzi hii.

Nyumbani kwetu kuna picha mbili zilizopigwa siku moja mwaka 1969, katika nyumba aliyokuwa akiishi babu huko Walukuba, makazi yaliyojengwa Jinja enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Vyumba vyake ni vidogo. Babu alikuwa ameegemea ukuta mmoja na familia imekaa mbele ya ukuta wa pili, na kati yao hapakuwa na zaidi ya mita tatu. Katika picha ya kwanza, iliyopigwa kwa lenzi ya 50, wanaonekana watu saba, na baba yake babu ameketi katikati na fimbo yake. Katika picha ya pili wanaonekana watu kumi. Hakuna aliyehama. Babu alibadilisha lenzi tu.

Nimepiga hesabu yake. Kwa umbali wa mita tatu, lenzi ya milimita 50 huona upana wa mita mbili na kidogo. Ile ya 35 huona mita tatu na kidogo. Tofauti ni kama mita moja ya ukuta, nusu upande huu na nusu upande ule. Katika ile nusu mita ya kushoto kuna mlango wa jikoni, na mlangoni amesimama nyanya yangu, mama yake baba.

Alisimama pale kwa sababu ya heshima. Katika familia yetu, kama ilivyo katika jamii nyingi za hapa, mkazamwana hakaribiani na baba mkwe wake. Mzee akiketi katikati ya chumba, mke wa mwanawe hukaa mbali kadiri chumba kinavyoruhusu, na katika chumba kile mbali palikuwa mlangoni. Hakuna aliyemfukuza, na wala hakuna aliyemwita. Lenzi ya 50 ikamkata, si kwa ubaya, ila kwa kuwa haikufika alipokuwa.

Nyanya alifariki miaka michache baadaye, kabla baba hajaanza shule. Wakati huo filamu ilikuwa adimu kama sukari na sabuni, na babu hakupiga picha nyingine. Kwa hiyo picha ya pili ndiyo picha pekee ya nyanya tuliyo nayo. Uso wake hauzidi punje ya hindi. Tena uko gizani kidogo, kwa sababu lenzi pana za namna hii hupunguza mwanga kwenye kona. Tundu likiwa wazi, kona inaweza kupata nusu tu ya mwanga wa katikati, au hata chini ya hapo. Shangazi yangu husema nimefanana naye. Nimeitazama picha hiyo kwa kioo cha kukuzia mara nyingi na sijui anaona nini. Ninachoona ni kitambaa cha kichwa, shavu moja, na mkono ulioshika mwimo wa mlango.

Babu bado yuko hai, na ndiye aliyenifundisha kuitumia kamera. Anakaa kijijini, upande wa Kamuli, lakini mimi na yeye huzungumza Kiswahili, lugha aliyoizoea Walukuba alipofanya kazi na watu wa makabila mengi. Siku ya kwanza alinikalisha barazani akaniambia nilenge mti wa mwembe.

"Mjukuu wangu, unaona miembe mingapi?"

"Mmoja tu, babu."

"Basi ondoa kidole."

Dirisha dogo la kupimia umbali liko mahali ambapo vidole vya mkono wa kulia hupenda kupumzika. Ukiliziba, ile picha ya pili hutoweka, nawe utadhani umekwisha kulenga. Lazima ujifunze kukunja vidole kwa namna ambayo kamera nyingine hazikudai.

Alinifundisha pia kwamba mchana, nje, huhitaji kulenga kila mara. Ukiweka tundu kwenye 8 na umbali kwenye mita 5, kila kitu kuanzia kama mita mbili na nusu hadi kule mwisho wa macho kitatoka vizuri. Lakini ndani ya nyumba, penye mwanga hafifu, hakuna njia ya mkato. Tundu lazima lifunguliwe na umbali upimwe. Na kamera ishikwe sawasawa, maana ukiiinamisha, kuta zitalala kama nyumba inayoanguka. Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa siku ile. Alisema kwamba mpigaji wa lenzi hii asimtazame aliye katikati, kwa sababu aliye katikati atatoka tu. Awatazame walio pembeni.

Nilikuja kulielewa Desemba iliyopita. Ukoo ulikusanyika kwa babu, na baada ya chakula shangazi akataka tupigwe picha sebuleni. Tulikuwa watu kumi na saba. Nilikuwa na mkanda mmoja wa picha 36, na zilikuwa zimebaki nne. Nikaegemea ukuta, nikafunga Jupiter-12, nikapandisha jicho kwenye kidirisha cha juu. Babu na baba walikuwa katikati kama inavyostahili. Kwenye kona ya kulia kabisa, nusu ndani na nusu nje ya mlango, alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, amembeba mtoto wa miezi mitatu.

Lenzi ilikuwa inamwona. Hapo ingekuwa rahisi kubonyeza na kusema wote wameingia. Lakini nilijua kona hiyo inavyofanya. Uso wake ungekuwa gizani, tena ungevutwa upande, kwa kuwa lenzi pana humtanua aliye ukingoni. Kumwita asogee katikati kungekuwa kumketisha ubavuni mwa baba mkwe wake mbele ya wazee wote, na angeona haya mpaka leo. Adabu yake ilikuwa sahihi mahali pale.

Kwa hiyo nilihama mimi. Niliondoka katikati ya ukuta nikaenda kwenye pembe ya chumba, karibu na dirisha, nikaelekeza kamera upande wa mlango. Kutoka pale, mlango ulisogea karibu na katikati ya picha na wazee wakaenda upande wa kushoto. Kati ya wifi na baba palibaki umbali uleule wa heshima. Kilichobadilika ni mahali pa kutazamia.

Shangazi alilalamika papo hapo. "Wewe mtoto, wazee wanawekwa pembeni tangu lini?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima. Babu ndiye aliyejibu. "Mwache. Lenzi hiyo naijua."

Nikafungua tundu hadi 4, nikapima umbali kwa mkono wa kiti alichokalia binamu yangu, nikazuia pumzi, nikapiga mara tatu kwa kasi ya 1/25 ya sekunde.

Mkanda ulisafishwa Nairobi, kwa kuwa rafiki yangu alikuwa anasafiri kwenda huko, na nilingoja majuma matatu. Picha moja ilitikisika. Ya pili mtoto alikuwa amegeuza shingo. Ya tatu ilikuwa nzuri. Baba ametanuka kidogo ukingoni, na shangazi alipoiona alisema mshahara wa serikali umemnenepesha. Wifi anaonekana wazi kuanzia kitambaa hadi viatu, na mtoto amefumbua macho. Nilimpelekea babu nakala yake. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliweka kidole juu ya kila kichwa akihesabu, akafika kumi na sita, akauliza wa kumi na saba yuko wapi. Nikamwambia ndiye aliyeshika kamera. Akacheka. Kisha akasema hata yeye hayumo katika ile ya 1969.

Simshauri mwanafunzi mwenzangu atafute kamera kama hii. Filamu ni ghali, na vituko vya Jupiter-12 vinataka mtu mwenye subira. Lakini jambo moja linamhusu kila msomaji. Simu nyingi tulizo nazo mifukoni zina lenzi pana kuliko hii ya babu. Zinaona ukuta mwingi zaidi, na kwa hiyo tunadhani zimekwisha kumwona kila mtu. Ukweli ni kwamba upana wa lenzi hukupa nafasi tu, na namna ya kuigawa nafasi hiyo inabaki mikononi mwako. Kwenye shughuli zetu, harusi, matanga na mahafali, kuna watu ambao adabu, kazi au unyonge huwaweka mlangoni. Wanaopika wako mlangoni. Wakazamwana wako mlangoni. Mtoto aliyeletwa kulelewa kwa ndugu yuko mlangoni.

Kabla ya kubonyeza, zungusha macho kwenye kona zote nne za picha, umtafute aliye ukingoni. Ukimkuta, usimpigie kelele asogee. Yeye anajua kwa nini yuko pale. Miguu ya kusogea ni yako.